FRIJI LA BIASHARA HALIPOZI VIZURI? PIMA SENSA KABLA HUJALIPIA GESI

Mjasiriamali mwenzangu, somo la leo ni lako wewe unayeuza mtandaoni vitu vinavyolala kwenye friji: mtindi, juisi ya matunda, barafu za ubuyu, keki, sambusa za kugandisha, samaki, kuku wa kienyeji aliyeoshwa tayari. Duka lako lipo kwenye simu, lakini stoo yako ni friji. Friji likikosea, biashara nzima imekosea.

Mara nyingi huwa hivi. Mteja anakutumia picha WhatsApp: kopo la mtindi limevimba, kifuniko kimenyanyuka. Unafungua friji, taa inawaka, mota inanguruma, ukishika chupa ubaridi unausikia. Unaita fundi. Anaweka mkono ndani, anasikiliza kidogo, anasema, "Gesi imepungua hii." Unalipa. Wiki moja baadaye tatizo ni lilelile. Anakuja fundi wa pili, anasema kompresa imechoka. Unaanza kuwaza kuliuza friji kwa bei ya chuma chakavu. Kumbe kilichoharibika kinaweza kuwa kidude kidogo kama punje ya mahindi kwenye ncha ya waya mwembamba: sensa ya joto.

(Hapa hatuongelei ile sensa ya watu na makazi. Hii inahesabu nyuzi joto tu.)

Sensa ni kati ya vipuri vya bei ndogo kwenye friji, na unaweza kuipima kwa kikombe cha barafu na mita ya umeme. Leo tunaelekeza hatua kwa hatua. Lengo letu siyo kukugeuza fundi. Tunataka usilipie gesi au kompresa kabla hujajua ugonjwa ni upi.

SENSA INAFANYA KAZI GANI?

Ndani ya friji la kisasa kuna bodi ya umeme. Bodi ndiyo inayoamua kompresa iwake lini na ipumzike lini. Lakini bodi yenyewe haihisi baridi wala joto, inasubiri kuambiwa na sensa.

Sensa za mafriji mengi ya nyumbani ni za aina inayoitwa NTC. Joto likipanda, ukinzani wake (yaani ugumu wa umeme kupita) unashuka. Baridi ikizidi, ukinzani unapanda. Bodi inasoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzi joto.

Sasa sensa ikianza kudanganya, bodi inaamini uongo. Uongo wenyewe huja kwa namna tatu:

1. Inasema "kuna baridi" wakati kuna joto. Ukinzani umepanda kuliko inavyotakiwa, kwa sababu sensa imezeeka, kiungio kina kutu, au waya unakaribia kukatika. Bodi inadhani kazi imekwisha, inazima kompresa mapema. Mzigo wako unaharibika taratibu.

2. Inasema "kuna joto" wakati kuna baridi. Mara nyingi unyevu umeingia ndani ya sensa na ukinzani umeshuka. Kompresa haipumziki. Mchicha unaganda, chupa za juisi zinapasuka, na luku inaisha kabla ya siku zake.

3. Imekufa kabisa, yaani imekatika au nyaya zake zimegusana. Bodi nyingi hugundua hali hii, zikaonyesha herufi na namba kwenye kioo au zikapiga mlio. Zipo zinazoendesha kompresa kwa kukisia muda tu. Angalia kitabu cha friji lako, maana E1 ya friji moja siyo E1 ya friji lingine.

Ya kuogopa zaidi ni hiyo ya kwanza, hasa ikiwa kosa ni dogo. Karibu na nyuzi 0, ukinzani wa sensa hizi hubadilika kwa takriban asilimia 5 kwa kila nyuzi 1. Kwa hiyo sensa ikizidisha ukinzani kwa asilimia 20, bodi inakosea karibu nyuzi 4. Umeseti nyuzi 4, kumbe ndani kuna nyuzi 8. Ukishika chupa bado ni ya baridi. Mkono hauwezi kutofautisha 4 na 8, lakini bakteria kwenye maziwa wanaweza.

KWA NINI NYUZI 4 TU ZIKUKOSESHE USINGIZI?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri chakula kinachoharibika haraka kikae chini ya nyuzi 5, na chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanaongezeka.

Wauza samaki, nyie muwe makini zaidi. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto hutengeneza kemikali inayoitwa histamini. Ikishatokea haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mteja anaweza kumpika samaki vizuri kabisa na bado akawashwa mwili, uso ukawa mwekundu na kichwa kikauma. Lawama itakuja kwako, na mtandaoni lawama haikai kwa mtu mmoja.

KABLA YA YOTE: OKOA MZIGO

Usianze kuchokonoa friji huku mtaji wako uko ndani. Hamishia vitu kwa jirani mwenye friji zima au kwenye deli lenye barafu. Ukikosa pa kuhamishia, usifungue mlango ovyo. Friji lililozimwa likafungwa vizuri huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa huweza kufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwenye joto kali usitegemee kufika mwisho wa muda huo.

Kitu ambacho hujui kimekaa kwenye joto kwa muda gani, usikiuze. Usikionje kujua kama kizima pia. Vijidudu vingine havibadilishi ladha wala harufu.

HATUA YA 1: PATA NAMBA YA KWELI

Usiamini kioo cha mlangoni. Namba ile inatoka kwa sensa ileile unayoishuku. Ni sawa na kumuuliza mshtakiwa kama ana kosa.

Nunua kipimajoto kidogo cha chakula au cha friji. Kwanza kipime chenyewe: jaza glasi barafu iliyopondwa, weka maji kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto. Kinatakiwa kusoma nyuzi 0 au karibu sana na hapo.

Kisha weka glasi ya maji kwenye shelfu ya katikati ya friji, kipimajoto kikiwa ndani ya maji. Acha usiku kucha bila kufungua mlango. Asubuhi soma haraka. Tunatumia maji kwa sababu hewa ya friji hubadilika kila mlango unapofunguliwa, lakini maji yanabadilika polepole kama bidhaa zako. Kwa friza, kiweke katikati ya vifurushi viwili vilivyoganda.

Kioo kinasema 4 na glasi inasema 4? Sensa haina neno, tafuta tatizo kwingine. Kioo kinasema 4 na glasi inasema 8 au 9? Endelea hapa chini.

HATUA YA 2: ONDOA SABABU ZA BURE

Nyingi ya hizi hazihitaji fundi:

- Mpira wa mlango. Bana karatasi kati ya mlango na friji, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukamatwa, hapo hewa ya joto inaingia. Jaribu pande zote nne.
- Mabomba ya nyuma au chini. Yakijaa vumbi, friji halitoi joto nje. Chomoa plagi, safisha kwa brashi laini.
- Nafasi. Friji lililobanwa ukutani, au lililowekwa pembeni ya jiko la gesi unalokaangia maandazi, litateseka tu.
- Mzigo. Kuingiza lita 20 za juisi ya moto kwa mpigo ni kulionea. Vilevile usizibe matundu ya hewa ndani kwa makopo.
- Umeme. Kama unatumia friji gadi, angalia taa yake. Umeme ukiwa mdogo au ukipanda sana, gadi inakata na kusubiri dakika kadhaa. Ukikatakata mchana kutwa, utadhani friji ni bovu.

Rekebisha hayo, subiri saa 24, rudia kipimo cha glasi.

HATUA YA 3: SOMA TABIA YA FRIJI

Kaa nalo saa 3, andika kompresa inawaka saa ngapi na inazima saa ngapi. Kwenye joto la Dar, Tanga au Mombasa, kompresa ya kawaida kufanya kazi zaidi ya nusu ya muda siyo ajabu. Friji la inverta lenyewe huendesha kompresa polepole karibu muda wote, kwa hiyo usilihukumu kwa sauti.

Halafu linganisha:

A. Kompresa haipumziki, lakini hata friza haipati baridi ya kutosha, na barafu inashika upande mmoja tu wa bomba. Hapo gesi au kompresa inashukiwa kweli. Fundi wako anaweza kuwa sahihi.

B. Kompresa ikiwaka inapoza vizuri, friza inashika barafu safi, ila inazima mapema na inakaa muda mrefu bila kuwaka. Shuku sensa. Friji lina nguvu ya kupoza, ila linaambiwa lipumzike.

C. Kompresa haipumziki na vitu vinaganda hata sehemu ya mboga. Shuku sensa inayosema kuna joto. Kama gesi ingepungua, friji lisingeweza kugandisha mchicha.

D. Friza ni kali lakini chini kuna joto, na friji ni lile lisiloganda barafu. Anza na feni, njia ya hewa, na mfumo wa kuyeyusha barafu. Jaribio: toa kila kitu, chomoa plagi, acha milango wazi saa 24, kisha washa. Likipoza vizuri siku kadhaa halafu likarudia, barafu inaziba ndani. Mfumo huo nao una sensa yake, pamoja na hita na fyuzi ya joto. Mwambie fundi avipime vyote vitatu.

E. Kompresa inajaribu kuwaka, inagonga "tak!", inakata. Hilo ni suala la umeme, rilei au kompresa. Sensa haihusiki.

Ukiona B au C, chukua mita.

FRIJI LA KITASA CHA KUZUNGUSHA

Mafriji mengi ya zamani yenye kitasa cha namba 1 hadi 7 hayana bodi wala sensa ya NTC. Yana themostati yenye kijibomba chembamba kilichojaa gesi yake kidogo. Kijibomba hicho lazima kiguse sehemu inayoganda. Kikichomoka mahali pake, kompresa haitajua kuna baridi na itakimbia bila kusimama. Kikipasuka, gesi yake inatoka na kompresa haitawaka kabisa.

Kuipima: chomoa plagi, toa nyaya kwenye themostati, weka mita kwenye alama ya mlio. Friji likiwa na joto la chumba na kitasa kikiwa kimewashwa, mita ilie. Kitasa kikirudi sifuri, inyamaze. Isipolia kabisa, au isiponyamaza, themostati ni mbovu.

HATUA YA 4: PIMA SENSA KWA KIKOMBE CHA BARAFU

Unahitaji mita ya digitali ya kawaida, kikombe, barafu na kipimajoto chako.

1. Chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Subiri dakika 10, maana bodi, hasa za inverta, hubaki na umeme kwa muda. Kama kiungio cha sensa kipo kwenye bodi yenyewe nyuma ya kifuniko, mwachie fundi na usimame pembeni uone.

2. Tafuta sensa. Mara nyingi ipo ndani ya kikava kidogo cha plastiki chenye matundu, kwenye ukuta wa ndani au karibu na feni. Ina nyaya mbili nyembamba. Kama kuna barafu, iache iyeyuke yenyewe. Usichokonoe kwa kisu wala bisibisi! Ukitoboa bomba utatengeneza tatizo la gesi ambalo halikuwepo, na mafriji mengi mapya yana gesi ya R600a, ambayo inashika moto.

3. Chomoa kiungio chake. Ukipima ikiwa bado imeunganishwa na bodi, utapata namba ya uongo. Angalia kama kuna kutu ya kijani au maji kwenye pini. Ukikuta, kausha na safisha kwanza, huenda tatizo likaishia hapo.

4. Weka mita kwenye ukinzani, alama ya 200K. Hapa wengi wanakosea. Wanaweka 20K, sensa ikiwa kwenye barafu inazidi 20K, mita inaonyesha "1" au "OL", wanasema sensa imekatika. Kumbe ni nzima, mita tu ndiyo imezidiwa.

5. Pima ikiwa kwenye joto la chumba. Usishike ncha mbili za mita kwa vidole vya mikono yote miwili, mwili wako nao unapitisha umeme na utaharibu kipimo. Andika namba, andika na joto la chumba.

6. Jaza kikombe barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga. Tumbukiza kichwa cha sensa, kiungio kibaki nje kikavu. Subiri dakika 5. Pima, andika. Waya ukiwa mfupi, peleka kikombe kwenye sensa.

7. Mita ikiwa bado imeunganishwa, tikisa waya taratibu. Namba ikirukaruka, waya umekatika kwa ndani.

NAMBA ZINASEMAJE?

Sensa huitwa kwa ukinzani wake kwenye nyuzi 25. Hizi ni namba za kukadiria kwa aina zinazokutwa mara nyingi:

- Sensa ya 10K: nyuzi 25 ni omu 10,000. Kwenye barafu ni kati ya 27,000 na 34,000.
- Sensa ya 5K: nyuzi 25 ni omu 5,000. Kwenye barafu ni kati ya 13,500 na 17,000.
- Sensa ya 2K: nyuzi 25 ni omu 2,000. Kwenye barafu ni kati ya 5,400 na 6,800.

Chumba chako kikiwa na nyuzi 30, sensa ya 10K itasoma kama 8,000 na ya 5K kama 4,000. Usiseme imekufa, ni joto la chumba hilo. Kutoka nyuzi 30 hadi kwenye barafu, namba inatakiwa ipande takriban mara tatu na nusu hadi mara nne na kidogo. Kama una jedwali la mtengenezaji wa friji lako, fuata hilo badala ya makadirio yetu.

Sasa hukumu:

- Mita inaonyesha "OL" hata kwenye alama kubwa kabisa: sensa imekatika.
- Inaonyesha sifuri au karibu na sifuri: nyaya zimegusana ndani.
- Namba haibadiliki hata ukitoa kwenye barafu na kuishika mkononi: imekufa.
- Inabadilika, lakini kwenye barafu inasoma juu au chini mno kuliko inavyotakiwa: hii ndiyo ile inayodanganya kidogo kidogo. Badilisha.
- Namba ziko sawa, haziruki: sensa ni nzima. Angalia waya unaoelekea kwenye bodi, kisha bodi yenyewe.

Ujanja mmoja: friji lako likiwa na sensa mbili zinazofanana, tumbukiza zote kikombe kimoja. Zikitofautiana sana, umempata mwongo, na hukuhitaji jedwali lolote.

UKINUNUA NYINGINE, USINUNUE KWA JINA TU

Kwenda dukani ukasema "nipe sensa ya 10K" haitoshi. Sensa mbili zinaweza zote kuwa 10K kwenye nyuzi 25, lakini kwenye barafu moja ikasoma 27,000 na nyingine 33,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya asilimia 20, yaani umerudi kwenye kosa lilelile la nyuzi 4 ambalo ndilo lililokutoa nyumbani. Piga picha lebo ya friji yenye namba ya modeli, tafuta sensa ya modeli hiyo. Ukishainunua, ipime kwenye kikombe cha barafu kabla haijafungwa.

Sensa ya NTC haina chanya wala hasi, kwa hiyo nyaya zake mbili zinaweza kugeuzwa bila shida. Cha muhimu ni kiungo. Fundi akiunga waya, achomelee kwa risasi na kufunika kwa mrija unaobana ukipashwa moto, unyevu usipenye. Tepu ya umeme peke yake ndani ya friji inaachia, maji yanaingia, na uongo unaanza upya.

Jingine: wapo wanaotoa sensa na kuweka kirezista cha kawaida ili "friji liwake". Friji litawaka kweli, lakini kirezista hakijui baridi. Bodi itaona joto moja siku zote, na kompresa ama itakimbia bila kupumzika ama haitawaka. Kataa.

NAMNA YA KUONGEA NA FUNDI

Fundi mzuri hachukii maswali. Mwambie kwa heshima: "Fundi, nimepima kwa kipimajoto, ndani kuna nyuzi 9 na kioo kinasema 4. Kompresa ikiwaka friza inaganda vizuri. Naomba tupime sensa kwanza kabla ya kugusa gesi."

Akisisitiza ni gesi, muulize, "Umeonaje?" Jibu liwe kitu cha kuonekana: barafu imeshika upande mmoja, kuna mafuta mahali panapovuja, kipimo cha gesi kinaonyesha hivi. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama ya jiko. Inazunguka humohumo miaka yote. Kama imepungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kumwaga hela.

UKISHATENGENEZA

Usirudishe mzigo wote siku hiyohiyo. Acha friji lifanye kazi saa 24, rudia kipimo cha glasi. Likisoma nyuzi 5 kwenda chini na friza ikiwa 18 chini ya sifuri, rudisha mzigo kidogo kidogo.

Kisha weka daftari dogo juu ya friji. Asubuhi na jioni andika tarehe na nyuzi joto, dakika moja tu. Ukiona 4, 4, 5, 5, 6, 7, unajua kuna jambo linakuja kabla mtindi haujavimba.

Na wateja? Waambie mapema. Unaweza kutuma hivi: "Habari mpendwa mteja. Friji letu liko kwenye matengenezo, hivyo oda ya leo tutakuletea keshokutwa ikiwa fresh. Ukipenda kurudishiwa hela yako, tuambie tu. Samahani kwa usumbufu." Mteja wa chakula anasamehe kuchelewa. Kuumwa tumbo hasamehi.

Save post hii, na mtumie mwenzako anayeuza juisi au samaki. Kama umeshapima na namba hazieleweki, tuandikie hapa chini: joto la chumba, namba ya chumbani, namba ya kwenye barafu, na kama friji ni la kitasa au la kioo. Tutazisoma pamoja.